Ukienda Kununua Drili, Ulizia Betri Kwanza

     

Jioni hii tunazungumza juu ya drili. Namaanisha mashine ya kutobolea na kufungia skrubu, ile isiyo na waya, inayotumia betri ya kuchaji. Na ninaposema drili sizungumzi na mafundi wa kazi, hao wanajua kuliko mimi. Nazungumza na baba mwenye mlango unaoburuza sakafuni, na mama anayetaka rafu jikoni na amechoka kumpigia fundi simu, na kijana aliyejenga chumba kimoja na sebule na anataka kumalizia mwenyewe pole pole.

Kwa nini tulizungumze hili sasa? Ni kwa sababu ya msimu. Fedha za kahawa zikitoka, kila nyumba ina orodha yake: ada, mabati, godoro, deni la duka. Kisha Desemba ikikaribia, watoto walioko Dar es Salaam, Mwanza na Kampala huanza kurudi nyumbani, na ghafla kila bawaba iliyolegea inaonekana. Hapo ndipo mtu husema, mwaka huu nanunua drili yangu mwenyewe.

Haya, unanunua. Unanunua ipi? Na kabla ya hiyo ipi, hebu tujiulize: unaihitaji kweli?

Swali hilo watu hulikwepa. Kama kazi yote uliyonayo ni mapazia ya madirisha manne, ndugu yangu, huhitaji drili. Mwite fundi wa mtaani, mlipe, anywe chai, aende. Kama kazi yako yote iko ndani ya nyumba moja yenye soketi kila chumba, basi hata hii ya betri siyo ya kwako. Kanunue ya waya. Kwa fedha ileile, drili ya waya ina nguvu zaidi, na haina betri ya kuzeeka. Wauza duka wengine hawatakuambia hivyo kwa sababu ile ya betri ndiyo inayong'aa kwenye sanduku. Mimi nakuambia.

Sasa, ya betri inamfaa nani? Inamfaa mwenye kibanja. Umeme unaishia kwenye nyumba kubwa, lakini jiko liko uani, banda la mbuzi liko nyuma ya migomba, choo kiko kule, na chanja za kuanikia kahawa ziko kwenye mwanga, mbali na soketi yoyote. Ukitaka kuunga chanja imara, ya mbao na wavu, unahitaji matundu mengi na skrubu nyingi, na huwezi kuvuta waya mita hamsini kupita katikati ya migomba iliyolowa. Inamfaa pia mtu wa visiwani anayeishi kwa sola. Na inamfaa yeyote ambaye umeme humkatikia katikati ya kazi. Sisi wa Kagera jambo hilo tunalifahamu. Kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa unatoka Uganda, kwa njia ya Masaka kuja Kyaka, na likitokea la kutokea huko, giza lilikuwa linafika huku.

Basi tumekubaliana, wewe ni mmoja wa hao. Sasa sikiliza. Kuna neno moja nitalisema mara tatu jioni hii, na hii ni ya kwanza: usinunue drili, nunua betri.

Maana yake nini? Mashine yenyewe, mota yake na gia zake, kwa matumizi ya nyumbani inaweza kukaa miaka mingi. Utatoboa leo, utapumzika mwezi mzima, utafunga skrubu mbili, utairudisha kabatini. Mota haichoki kwa kazi hiyo. Inayochoka ni betri. Betri za siku hizi ni za lithiamu, na lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala tu. Miaka michache ikipita, utaona unachaji ikajaa, taa ya kijani ikawaka, kisha skrubu kumi tu, imezima. Siku hiyo ikifika utafanyaje?

Utakwenda dukani kutafuta betri nyingine. Na hapo ndipo wengi hugundua kwamba betri ya kampuni hii haiingii kwenye drili ya kampuni ile. Mdomo wake ni tofauti, meno yake ni tofauti. Wakati mwingine hata kampuni ni ileile, lakini ya volti 12 haiingii kwenye ya volti 20. Na kama drili yako ni ya jina lililokuja na kontena moja na halikurudi tena, betri yake hutaipata Bukoba, hutaipata Mwanza, hutaipata Kariakoo. Unabaki na mashine nzima, nzuri, yenye mota ya kuunguruma, na haina kazi.

Kwa hiyo ukiingia dukani, pale mjini Bukoba au Muleba, swali lako la kwanza lisiwe bei ya drili. Uliza hivi: "Betri peke yake mnauza? Shilingi ngapi? Nionyeshe." Sikiliza jibu vizuri. Akiifuata rafuni akakuletea, hiyo ni drili ya kufikiria. Akisema inaagizwa Dar es Salaam au Mwanza, muulize inachukua siku ngapi na nani alishaagiza ikafika. Akianza kukuambia kwamba betri hii haiharibiki, mshukuru, toka nje, nenda duka la pili.

Na sanduku lenye betri mbili ni bora kuliko lenye betri moja, hata kama limezidi kidogo kwa bei. Moja inafanya kazi, nyingine inachaji. Bei ya betri ukiinunua peke yake baadaye inaumiza kuliko ile iliyokuja ndani ya sanduku.

Mtaniuliza, na majina je? Majina sitakaa nayo sana. Makita, Bosch na DeWalt ni majina makubwa, ni vifaa vya fundi anayefanya kazi kutwa, na bei yake inafanana na hilo. Kwa kuwa ni makubwa, ndiyo pia yanayoigwa zaidi. Kwa nyumbani, majina kama Ingco na Total, yanayotengenezwa China na kuenea sana Afrika Mashariki, yanatosha. Sisemi hivyo kwa sababu ni bora kuliko hayo mengine; siyo bora. Nasema kwa sababu mtu akiyauza kwa wingi, betri yake nayo inapatikana. Ukikuta duka la karibu yako lina jina jingine na lina betri zake rafuni na chaja zake, nalo ni sawa. Jina ninaloliogopa ni lile ambalo muuzaji mwenyewe analisoma kwenye sanduku kwanza ndipo akutajie.

Tuendelee. Tuje kwenye namba, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Kwenye betri kuna namba mbili za kusoma. Ya kwanza ni volti. Ya pili ni ampea-saa, inaandikwa Ah. Volti ni nguvu za mkulima, na ampea-saa ni chakula alichokula asubuhi: mmoja anaweza kuwa na nguvu lakini amekula kidogo, atalima vizuri kwa nusu saa kisha atakaa kivulini. Nyumbani, betri ya volti 20 yenye Ah 2 inafanya kazi ya mchana mmoja bila shida. Yenye Ah 1.5 nayo inafaa, ila uwe nazo mbili. Ya Ah 4 ni nzito mkononi, na ukiwa juu ya ngazi unatoboa kwenye dari, uzito huo utausikia begani.

Sasa, ndani ya betri kuna vijibetri vidogo, tuviite seli. Kila seli ya lithiamu ina volti 3.6 hivi, na ikijaa kabisa inapanda hadi 4 na kidogo. Drili inayoandikwa volti 20 ina seli tano. Ukizidisha, kwa kawaida yake ni 18. Ikiwa imetoka tu kwenye chaja ndiyo inagusa 20. Kwa hiyo ukikuta jirani ana ya 18 na wewe una ya 20, msigombane. Nguvu ni ileile, tofauti ni uandishi. Vivyo hivyo ya 12 ina seli tatu, na kawaida yake ni 10.8.

Huo si wizi, ni mbwembwe za biashara. Wizi ni huu unaofuata. Siku hizi kuna drili zinazouzwa mitaani na kwenye mitandao zimeandikwa 48VF, nyingine 88VF, nyingine zaidi ya hapo. Mnunuzi anaona 88 anajua amepata dubwana. Msikilizaji, hiyo VF si volti. Ni herufi zimebandikwa hapo ili wewe usome volti na muuzaji asiwe amesema volti. Tufanye hesabu pamoja, taratibu. Seli moja ni volti 3.6. Ili ufike 88 unahitaji seli zaidi ya ishirini. Seli moja ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hivi. Seli zaidi ya ishirini, hapo umepita kilo moja ya seli tupu, bado kasha lake. Sasa chukua hiyo betri ya 88VF, iweke kiganjani. Ni nyepesi? Basi umeshapata jibu, na huhitaji kipimo kingine. Ndani kuna seli tano, kama zote zimo.

Uzito ni shahidi mzuri sana dukani. Betri mbili za aina moja, za volti ileile na Ah ileile, zikiwa na uzito tofauti kabisa, kuna moja inadanganya.

Haya, tumesema betri, tumesema namba. Sasa njoo tusimame mbele ya ukuta, maana drili haitumiki hewani.

Kwa wengi wetu kazi ya kwanza ni ipi? Ni pazia. Na pazia linafungwa wapi? Juu ya dirisha. Na juu ya dirisha kuna nini? Kuna linta. Zege na nondo. Umeona mtego ulivyokaa? Ukuta mzima wa nyumba yako ni wa tofali za kuchoma, laini, drili yoyote inapita. Lakini pale hasa unapotaka kutoboa, pale pa kwanza kabisa, ndipo penye zege gumu kuliko kote. Mtu ananunua drili ndogo, anaijaribu kwenye mbao dukani, inaingia vizuri. Anafika nyumbani, anaiweka kwenye linta, inazunguka, inapiga kelele, inatoa moshi, tundu halizidi unene wa kucha. Anasema ameuziwa feki. Pengine si feki. Pengine haina nyundo tu.

Tazama pete iliyo nyuma ya mdomo wa drili. Kama ina picha tatu, moja ya skrubu, moja ya biti, yaani kile chuma cha kutobolea, na moja ya nyundo, basi hiyo inazunguka na pia inagonga mbele na nyuma inapozunguka. Ndiyo inayofaa ukuta. Ukiona picha mbili tu, hiyo ni ya mbao na chuma, na kwenye linta itakuaibisha. Kwa nyumba ya tofali, usitoke dukani bila picha ya nyundo. Nasema tena: kama nyumba yako ni ya tofali, pete iwe na nyundo.

Hata yenye nyundo, tusidanganyane. Drili ya betri ya bei nafuu kwenye zege itatoboa tundu la namba 6 kwa fisha ndogo (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani), na la namba 8 kwa jasho. Ikipita hapo, au ukitaka kufunga kitu kizito kama televisheni kubwa kwenye zege, azima au kodi ile mashine kubwa ya waya ya mafundi. Na biti ikigonga kitu ikakataa kabisa kusonga, usiegemeze mwili wako wote. Umekutana na nondo. Hama vidole viwili pembeni, anza upya.

Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi ile mchana, watu wengi wa Bukoba na jirani zake walijenga upya, na wengi wakaacha kubania saruji na nondo kwenye linta. Ni jambo jema, na ndiyo maana nyumba mpya zinasumbua drili kuliko za zamani. Lakini zipo pia nyumba ambazo nyufa za mwaka ule zilizibwa kwa lipu na kupakwa rangi. Kama unajua ukuta wako una ufa wa namna hiyo, usipeleke nyundo karibu nao. Toboa mbali, na kama ni lazima pale pale, zungusha bila nyundo, taratibu. Na nyumba ya tofali mbichi za udongo, hiyo haitaki nyundo kabisa. Udongo unamomonyoka, na fisha inatoka na uzito wa pazia. Huko ni afadhali ufunge ubao kwenye fremu ya dirisha, kisha pazia ulifunge kwenye ubao.

Nilisema nitarudia neno langu. Hii ni mara ya pili: usinunue drili, nunua betri. Na sasa naliongezea mkia: na chaja.

Chaja ndiyo inayotupeleka kwenye mtumba. Kuna watu wanaletewa drili zilizotumika, na nyingine zinauzwa waziwazi, nzuri, imara, za majina makubwa. Sizikatai. Lakini geuza chaja usome nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Chaja iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100. Iliyotoka Marekani ni kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya nyumbani kwako, siku hiyohiyo utanusa harufu, na mara nyingi ndiyo mwisho wake. Ikiwa nyuma imeandikwa 100 hadi 240, chukua bila hofu, unabadilisha plagi tu. Ya Ulaya nayo ni sawa, ni plagi ya miguu miwili ya duara inayokutatiza. Hata zawadi aliyokuletea mtoto kutoka Marekani, soma kwanza nyuma ya chaja ndipo umshukuru.

Vilevile kwenye mtumba, betri ikiwa ni ya zamani, ya nikeli na kadmiamu, mara nyingi imekwisha. Kuna mafundi wanaozifungua na kupachika seli nyingine. Fundi akiwa na seli mpya, zinazostahimili kutoa nguvu kubwa kwa mkupuo, na akaweka pia kile kisahani cha kulinda seli, kazi hiyo inafaa. Akiwa anapachika seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato chakavu, zile zimezoea kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukizibana kwenye linta zinapata moto. Muulize seli zimetoka wapi kabla hujamwachia betri yako.

Sasa umechagua, unataka kulipa. Subiri kidogo. Kuna mambo ya kufanya hapo kwenye kaunta, na muuzaji mzuri hatakasirika.

Weka biti ndefu mdomoni, kaza, kisha bonyeza swichi kidogo sana. Je, inaanza pole pole, na mwendo unaongezeka kadiri unavyobonyeza? Au inaruka ghafla? Ya kuruka ghafla itakuharibia vichwa vya skrubu. Angalia ncha ya biti ikizunguka: imetulia, au inachora duara? Ikichora duara, mdomo umepinda, na kila tundu litakuwa kubwa kuliko fisha. Achia swichi, inapaswa kusimama papo hapo. Kisha zungusha pete yenye namba, uiweke namba ndogo, ufunge skrubu kwenye kipande cha mbao taratibu: isikie ikitoa mlio wa kak-kak-kak na kuacha kusokota. Pete hiyo ndiyo inayozuia skrubu isizame hadi upande wa pili wa mlango wako. Mwisho, angalia juu kama ina gia mbili. Gia ya kwanza ni ya nguvu, kwa skrubu. Ya pili ni ya mwendo, kwa matundu.

Wengine watakuambia kuhusu mota isiyo na kaboni. Ni nzuri, hula betri kidogo na hudumu. Lakini ni ghali, na ikifa kile kisahani chake cha umeme, hapa kwetu wa kukitengeneza ni wachache. Ile ya kawaida, kaboni zake zikiisha, fundi anabadilisha kwa fedha ndogo. Kwa nyumbani mimi nachukua ya kaboni, na fedha iliyobaki naiweka kwenye betri ya pili.

Na dai risiti ya EFD. Si kwa ajili ya TRA peke yake. Ukirudi na malalamiko ya waranti bila risiti, huna pa kusimama. Na ukiuziwa bidhaa bandia yenye jina la kampuni nyingine, wanaoshughulikia hilo ni Tume ya Ushindani, FCC, na watakachokuuliza kwanza ni hiyo karatasi.

Ukimaliza hapo, bakiza fedha ya biti. Nashangaa sana mtu anavyotumia fedha nyingi kwenye drili kisha anaiwekea biti za bei ya pipi. Biti za ukuta zina ncha pana iliyobandikwa chuma kigumu. Hizo ni za tofali na zege tu. Za mbao zina kincha kidogo katikati. Za chuma ni nyeusi au za rangi ya dhahabu. Nunua chache nzuri: ya ukuta namba 6 na namba 8, za mbao mbili tatu, basi.

Na mbao zetu mnazijua. Mkaratasi, yaani mkaratusi kwa wanaotaka usahihi, huuzwa ukiwa bado mbichi, na ukipigiwa skrubu karibu na mwisho wa ubao unapasuka mbele ya macho yako. Dawa yake ni kutoboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, kisha ndiyo ufunge. Mvule nao ni mgumu, usipotoboa kwanza skrubu inakatika kichwa. Msonobari ni laini, unasamehe. Ukizingatia hilo, hata drili ndogo ya volti 12 inaunga kabati, rafu na chanja ya kahawa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mbao, au mwenye kazi za samani tu, asisukumwe kununua ya 20. Na wale wa mitego ya senene, mnaofunga mabati kila msimu, nanyi 12 inawatosha. Mtanikumbuka kwa kikombe kimoja cha senene waliokaangwa.

Ndugu wa visiwani na wa vitongoji ambako umeme wa REA haujafika, mnauliza: tutachaji wapi? Betri ya volti 20 yenye Ah 2 inabeba umeme sawa na kuchaji simu mbili au tatu hivi. Ni kidogo. Penye LUKU, uniti moja inaichaji zaidi ya mara 15. Kwa hiyo kibanda cha kuchajia simu pale mwaloni kinaweza kukuchajia, mradi wana inveta ya kutoa umeme wa soketi, maana chaja ya drili haiingii kwenye tundu la simu. Lakini kaa karibu nayo mara ya kwanza. Kuna inveta za bei rahisi zinazotoa umeme mchafu, na chaja nyingine hazizipendi. Chaja ikiunguruma au ikipata moto kupita kawaida, ichomoe. Na kwenye mtumbwi, betri iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, iwe imetolewa kwenye drili.

Na usalama, kwa kifupi. Vaa miwani, vumbi la linta likiingia jichoni siku imeharibika. Usitoboe juu wala chini ya swichi na soketi kwa mstari ulionyooka, kwa sababu nyaya ndiko zinakopita. Watoto wasipewe drili yenye betri ndani, hata kwa kuiangalia.

Mara ya tatu na ya mwisho, tuko pamoja? Usinunue drili, nunua betri. Na ukishainunua, itunze. Usiichaji usiku kucha huku umelala. Usiiache juani wala chini ya bati lisilo na dari, joto ndilo linaloimaliza. Haihitaji kuisha kabisa ndipo uichaji; hiyo ilikuwa sheria ya betri za nikeli, imepitwa na wakati. Ukijua hutaitumia kwa miezi kadhaa, iache ikiwa na nusu, itoe kwenye drili, iweke pakavu. Bukoba mvua ni nyingi, unyevu unaingia hadi kabatini.

 Walio na drili zilizolala tangu Krismasi iliyopita, nawaomba jambo moja usiku huu: zitoeni betri kabatini mzichaji hadi nusu, kwa sababu lithiamu ikiachwa tupu kwa muda mrefu, chaja nyingi hukataa kuiamsha. Na wanaokwenda dukani kesho, mtuandikie mliambiwa betri peke yake ni bei gani, na ni duka lipi lilikuwa nayo rafuni.